Kisa cha binti wa Tandahimba na skolashipu ya masta: alikwama wapi mara ya kwanza na alipenya vipi mara ya pili

Watu wengi hapa Mtwara wameniomba nielezee hiki kisa kwa urefu, na mwenyewe ameridhia ila hataki jina lake litoke, kwaiyo nitamwita binti tu na chuo alichopata sitakitaja. Ni mzaliwa wa Tandahimba, wazazi wakulima wa korosho, kasoma digrii ya kilimo pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, katoka na GPA 3.9. Alipomaliza ajira hakuna, akarudi kijijini, msimu wa korosho anashika daftari pale AMCOS yao (chama cha ushirika cha wakulima) na msimu ukiisha anazunguka na wakulima kwenye mambo ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na salfa, dawa ya kuupulizia. Alitaka masta ya magonjwa ya mimea. Mwishoni mwa 2024 aliomba skolashipu, akatupwa nje hata kwenye orodha ya wanaoitwa usaili hakuingia. Mwaka uliofuata akaomba tena, GPA ileile, vyeti vilevile, kijiji kilekile, akaitwa, akapata. Sasa nini kilibadilika hapo katikati ndio nataka tukae nacho, maana naona vijana wa Lindi na Mtwara wanakata tamaa mapema wakidhani wananyimwa kwasababu ya matokeo au kwasababu wametoka kusini, wakati mara nyingi faili lao halisemi wao ni akina nani.

Kwanza tuelewane hizi skolashipu za mifuko zinaendaje. Chukulia Mastercard Foundation, ambayo ndio inatajwa sana vijiweni. Ni taasisi ya hisani yenye makao makuu Toronto, Kanada, ilianzishwa 2006, na programu yake ya wanafunzi ikaanza 2012. Pale huombi foundation yenyewe, unaomba kwenye chuo ambacho wana ushirikiano nacho, na vyuo hivyo viko vingi, kuna Edinburgh na Cambridge kule Uingereza, kuna Pretoria Afrika Kusini, kuna British Columbia kule Kanada, kuna Carnegie Mellon tawi la Kigali, na kila chuo kina fomu yake na masharti yake na tarehe yake ya mwisho. Binti mwaka wa kwanza hili hakulijua, alituma barua pepe ndefu makao makuu akakaa anasubiri majibu, alipokuja kushtuka vyuo viwili vilishafunga dirisha, ikabidi aombe kimoja tu kwa haraka haraka. Na hapo katikati akatokea mtu akamwambia alete laki tatu za kufungua faili. Jamani, hizi skolashipu hazina hela ya kufungua faili. Chuo kinaweza kuwa na ada yake ya maombi, na vingine vinaisamehe ukiomba kupitia ufadhili, ila utaiona kwenye tovuti ya chuo chenyewe, mtu wa stendi hawezi kukupokelea. Na kuna wengine bado wanaulizia ile programu ya Ford Foundation iliyosomesha watu wengi masta na PhD, ile ilifungwa 2013, ukiona tangazo lake linazunguka kwenye magrupu achana nalo.

Sasa tuingie kwenye kiini. Sehemu iliyomuumiza binti kuliko zote ni kipato cha familia.

Fomu inauliza kipato cha kaya kwa mwaka. Mtoto wa mwalimu anaambatanisha hati ya mshahara ya mzazi, kamaliza. Mtoto wa mkulima wa korosho afanyeje, hela inaingia mara moja kwa mwaka, na mwaka mmoja haufanani na mwingine hata kidogo. Binti wakati anajaza ilikuwa msimu wa 2024 minada ya kwanza bei imevuka 4,000 kwa kilo, kila mtu Tandahimba na Newala anaongelea bei hiyohiyo. Akachukua tani tatu, yani makadirio ya kichwani ya baba, akazidisha mara 4,000, akapata milioni 12, akaandika hivyohivyo. Kiambatanisho hakuna. Halafu kwenye insha kule akaandika kwamba familia yake haina kipato chochote na wanaishi kwa shida kubwa. Mtu anayesoma yuko ofisini kwake, hajui kangomba (kuuza korosho kwa bakuli kabla ya msimu kwa bei ya chini) wala makato wala salfa, anaona ukurasa mmoja milioni 12, ukurasa mwingine hatuna kipato, na karatasi ya kuthibitisha hakuna. Atamwamini vipi? Binti hakudanganya popote, ila faili lilikuwa linajipinga lenyewe.

Mwaka wa pili nilimsaidia, tukafanya tofauti. Tulimwambia baba, mzee tunaomba taarifa ya akaunti yako ya benki, maana kwenye stakabadhi ghalani, ule mfumo wa mkulima kupeleka korosho ghalani akapewa risiti mpaka ziuzwe mnadani, malipo ya mkulima yanapitia benki baada ya mnada, kwaiyo alama iko pale. Mzee mwanzoni alisita, na mi namuelewa, kumuonyesha mtoto akaunti yako si jambo dogo, ila mama ndio alimlainisha. Zikatoka misimu mitatu. Msimu wa 2022 kilo 2,100, kilichoingia mkononi kama milioni 3.9. Msimu wa 2023 ubwiriunga uliwapiga, kilo 1,400, ikaingia milioni 2.5. Msimu wa 2024 ndio ule mzuri, kilo 2,600, ikaingia milioni 7.9, na hapo uone, siyo ile 4,000 ya kwenye habari, kwasababu minada ya baadaye bei ilishuka na kuna ushuru wa halmashauri, kuna chama kikuu cha ushirika, kuna AMCOS, kuna ghala na usafiri, vyote vinakatwa kabla mkulima hajaona kitu. Wastani wa misimu mitatu ni kama milioni 4.8. Toa palizi, toa vibarua wa kuokota, toa mpulizaji na mafuta ya mashine (salfa yenyewe hata ikija ya ruzuku haijipulizi), inabaki kama milioni 3.1 kwa nyumba ya watu wanane kwa mwaka mzima. Hiyo ndio hali yao halisi, na ni ngumu kweli, haihitaji kuongezewa machozi.

Akaandika maelezo ya nusu ukurasa kueleza hesabu hiyo imetokeaje, akaambatanisha taarifa ya benki, barua ya AMCOS yenye kilo za kila msimu, barua ya mtendaji wa kijiji inayotaja idadi ya wategemezi, na kitu kimoja ambacho wengi mnakisahau, uthibitisho kwamba alisoma kwa mkopo wa Bodi. Huo ni ushahidi wa nguvu sana kwasababu Bodi ya Mikopo inapanga mkopo kwa kuangalia uhitaji, maana yake kuna chombo cha serikali kilishampima. Kama kaya yenu iko TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ombeni barua hiyo pia, msione aibu. Na jamani barua ya mtendaji isiwe ile ya mistari miwili "namtambua mtajwa hapo juu", mkae naye vizuri umwambie unahitaji iseme nini, kama ni kweli atakuandikia.

Insha ndio ilikuwa balaa la pili. Ya kwanza ninayo mpaka leo na nimeisoma mara nyingi. Inaanza na mimi ni kijana mchapakazi ninayependa kuleta mabadiliko katika jamii yangu, inaendelea hivyo kurasa mbili, uongozi, uzalendo, maendeleo endelevu, na ukimaliza kusoma hujui huyu mtu anaishi wapi na anafanya nini asubuhi. Ungeweza kubadilisha jina ukampa mtu wa Dodoma au wa Kisumu isingeharibika kitu. Na kumbe huyu binti ana mambo! Nilimuuliza tu, dada hebu niambie pale ghalani unafanya nini, akaanza kunisimulia kama jambo la kawaida kwamba wamama walikuwa wanaleta korosho wanapimiwa wanapewa karatasi hawaisomi, wengine kilo zinapungua hawajui zimepungulia wapi, basi akawa anawakalisha pembeni watano watano anawafundisha kusoma mizani na kulinganisha na stakabadhi, anawaonyesha kwanini gunia lenye unyevu linashushwa daraja, na anawaandikia kwenye daftari lake kila mmoja kilo zake ili siku ya malipo walinganishe na kilichoingia benki. Msimu wa pili wamama walianza kuhoji wenyewe kwenye mkutano mkuu. Halafu anashangaa, kwani hiyo nayo ni ya kuandika?

Ndio ya kuandika! Hiyo ndio yenyewe. Kwenye hizi skolashipu wanauliza uongozi na unarudisha nini kwa watu wako, na vijana wetu wanadhani uongozi ni kuwa rais wa serikali ya wanafunzi au kuwa na shirika lenye nembo. Binti hakuwahi kuwa na cheo chochote, mwaka wa kwanza akajazia uongozi wa kwaya ya sekondari, na daftari la wamama akaliacha nje kabisa. Inaniuma kwasababu kusini kumejaa watu wa namna hii, anayeandaa kikundi cha hisa, anayefundisha watoto wa jirani hesabu chini ya mkorosho, anayesimamia upuliziaji wa kijiji kizima, na wote wanaandika kwamba wanapenda kuleta mabadiliko.

Insha ya pili ilianza moja kwa moja ghalani. Akaelezea tatizo, akaelezea alichofanya, akaelezea kilichoshindikana pia, kwamba wanaouza kangomba kabla ya msimu hakuweza kuwasaidia, kwasababu mtu akishauza kwa bakuli mwezi wa nane mtoto akiwa anaumwa, mizani ya mwezi wa kumi haimsaidii. Kipande hicho wengine walimshauri akitoe eti kinaonyesha udhaifu, mi nikasema kibaki, na mpaka leo naamini ndicho kilichoonyesha kwamba anaielewa jamii yake kwa ndani. Kutoka hapo akaunganisha na masta anayoitaka: anachokiona ni kwamba wakulima wanapuliza salfa kwa mazoea, wengine wanachelewa wengine wanapuliza mno, wakati ubwiriunga unashambulia maua machanga na kuwahi au kuchelewa ndio kunaamua msimu. Pale Naliendele kuna kituo cha utafiti wa korosho cha siku nyingi tu, utaalamu upo, anachotaka yeye ni kusomea magonjwa kwa kina arudi afanye kazi kwenye lile pengo kati ya mtafiti na mpulizaji. Kozi, chuo na kijiji vikawa vinaongea kitu kimoja.

Barua za mapendekezo sitakaa nazo sana. Mwaka wa kwanza aliomba kwa watu wenye vyeo, mmojawapo hakumfahamu kabisa, akaletewa barua ya jumla. Mwaka wa pili akaomba kwa mwalimu aliyemsimamia mradi wa mwaka wa mwisho SUA na kwa mwenyekiti wa AMCOS. Mwenyekiti Kiingereza chake siyo cha kuandikia barua, kwaiyo aliandika Kiswahili, ikatafsiriwa, zikapakiwa zote mbili, chuo kiliulizwa kabla kikasema sawa. Ulizeni. Ofisi za udahili zinajibu barua pepe, tena vizuri tu.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo watu hawakubaliani na mimi, nayo ni ile ya nusu mkopo. Alipokosa mara ya kwanza, ndugu mmoja akamletea habari ya Aga Khan Foundation, na ni habari ya kweli, wana skolashipu ya masta ya kimataifa na Tanzania tumo kwenye nchi zinazoruhusiwa. Ila utaratibu wao unaojulikana ni nusu ruzuku nusu mkopo, mkopo una ada ya asilimia 5 kwa mwaka, unaanza kulipa miezi sita baada ya kumaliza kipindi walichokufadhili na unalipa kwa miaka mitano, na lazima awepo mdhamini wa kusaini pamoja na wewe. Baba yake aliposikia akasema mimi nitasaini, mikorosho ipo. Mzee wa watu alisema kwa moyo mweupe kabisa.

Tukakaa chini tukapiga hesabu. Tuseme kozi ya Uingereza ada pauni 26,000, maisha ya mwaka 13,000, jumla 39,000, nusu yake ni pauni 19,500, ukiibadilisha kwa 3,300 hivi unapata zaidi ya milioni 64 za kwetu. Gawa kwa miaka mitano ni kama milioni 12.9 kwa mwaka, yani zaidi ya milioni moja kila mwezi kabla hujaweka ile asilimia 5. Mshahara wa kuanzia wa afisa kilimo serikalini uko chini ya hapo, na binti hana hata hiyo ajira. Shamba lote la mzee msimu wa wastani linaingiza milioni 4.8. Kwaiyo anayelipa ni nani hapo? Ni mikorosho, na mikorosho ikienda, wadogo zake wanasomaje?

Mi nilimwambia asiombe. Wapo walioniambia namfungia mtoto milango, kwamba elimu ni elimu na deni linalipika. Sikubali, ila naomba nieleweke, sisemi ule mpango ni mbaya. Kwa mtu mwenye ajira inayomsubiri, daktari au mhasibu aliyepewa likizo ya masomo na mshahara wake upo, au mwenye uhakika wa nusu ya gharama tu, ule ni mlango mzuri sana na umesomesha watu. Kwa binti ambaye hana kazi na mdhamini wake ni mkulima wa zao la msimu, hapana. Hesabu ifanyike kwa shilingi, kwa mwezi, kabla mzee hajashika kalamu. Na ifanyike mbele yake, kwasababu wazazi wetu wako tayari kusaini chochote kwa ajili ya mtoto.

Mengine ya karatasi. Jina lake kwenye cheti cha NECTA lilikuwa na herufi moja tofauti na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA kikafuata cheti cha kuzaliwa, kwaiyo vyuo walikuwa wanaona watu wawili. Ikabidi aende kwa wakili akala kiapo, na ile hati akaiambatanisha kila alipoweka vyeti. Hii ishu kusini ni kubwa mno, Somoe na Somoye, Hamisi na Khamis, mtu anaipuuza mpaka siku ya pasipoti. Ishughulikie ukiwa huna haraka. Upande wa Kiingereza, mtihani wa IELTS ungemtaka aende Dar, nauli, malazi, na ada ya mtihani wenyewe, lakini chuo chake kilikubali barua ya SUA inayothibitisha kwamba digrii yote ilifundishwa kwa Kiingereza, bure kabisa. Siyo vyuo vyote vinakubali, na kwa viza mambo yanaweza kuwa tofauti, ila uliza hili kabla hujakopa hela ya mtihani. Na muda wa kufunga dirisha ni wa kwao, siyo wa kwetu, halafu usisubiri usiku wa mwisho kwa bando la simu, siku ya mwisho kurasa zinagoma.

Usaili ulikuwa kwa video. Binti hakutaka kuufanyia Tandahimba, umeme ukikatika saa hiyohiyo umekwisha, akashuka Mtwara mjini siku moja kabla, akalala kwa shangazi yake Chikongola, tukampatia chumba cha ofisi chenye umeme wa uhakika na akawa na laini mbili za mitandao tofauti. Maswali yalikuwa ya kawaida mpaka mmoja akamuuliza: umesema utarudi, AMCOS haikulipi, ajira za serikali ni chache, utaishi kwa nini? Hapo wengi wanaanza kuhubiri uzalendo. Yeye akajibu kwamba ataomba nafasi za utafiti, zikikosekana kuna makampuni ya pembejeo yanahitaji mtaalamu anayejua wakulima wa huku, na hata vikikosekana vyote ana ekari mbili alizopewa na babu yake na ameshaanza kuzipanda miche bora, kwaiyo kula atakula huku akitafuta. Alinisimulia kwa simu jioni ile, nikajua kwa upande wake ameshafanya kazi yake. Mtu hawezi kukariri jibu kama lile.

Barua ya kukubaliwa ilipokuja kazi haikuisha. Pasipoti shilingi 150,000, na aliombea mtandaoni kisha akaenda Uhamiaji mkoa hapahapa, hakuhitaji kwenda Dar. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kuna cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa Mtanzania anayekwenda kusoma nje, anakifuatilia sasa, na nawasihi msikiruke hiki kwasababu ukirudi na digrii ya nje utaihitaji TCU hiyohiyo kuitambua ndipo uombe ajira. Mkataba wa ufadhili alisoma wote na mwalimu wake wa SUA kabla ya kusaini, unafunika ada, malazi, tiketi, bima na posho ya mwezi, ila hela ya viza analipa kwanza halafu anarudishiwa, kwaiyo familia inatafuta hiyo ya kuanzia. AMCOS wamesema watamkopesha mpaka atakaporudishiwa.

Mdogo wake yuko kidato cha sita na yeye anataka digrii ya kwanza nje. Nimemwambia kwa ngazi yake milango ni tofauti, aangalie Ashesi ya Ghana na vyuo vya Rwanda kwanza, asome masharti ya mwaka husika, na asitegemee faili la dada. Taarifa ya benki ya mzee anayo tayari. Wiki hii anafuatilia cheti chake cha kuzaliwa RITA, maana na cha kwake jina la babu limekosewa.